UGONJWA HAUNA OFISI MOJA



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja wa gengi la njia alisimama akauliza swali, nasi tumeona lafaa kujibiwa hapa mbele ya wote. Aliuliza hivi: "Mbona kamati yataka chama cha wafanya kazi wa reli kiseme habari za wanafunzi wa chuo kikuu wanaotafuta shahada kubwa? Sisi tuna mambo yetu ya mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni. Mambo ya maabara yatuhusu nini?"

Swali hilo ni la haki, wala hatukukasirika. Lakini jibu halikutoka kwetu sisi wa kamati. Lilitoka kwa ndugu mwingine ambaye kwao ni Ndithini, huko Masinga katika Kaunti ya Machakos. Alisimama akaeleza yaliyompata mkewe.

Mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Mahindi yakaingia nyumbani yangali na maji. Baada ya majuma machache mama huyo alifungua magunia akaona ukungu wa rangi ya kijani na manjano. Magunia yalikuwa 4. Mama alikumbuka watu waliokufa mwaka 2004 kwa kula mahindi ya namna hiyo, akafunga kiasi kidogo katika karatasi, akaenda kuuliza. Katika ofisi ya kwanza aliambiwa, "Mahindi ni kazi ya watu wa kilimo." Akaenda kwa watu wa kilimo, wakamwambia, "Sumu ni kazi ya watu wa afya." Akaenda kwa watu wa afya, wakamwambia, "Mama, sisi hapa twapima watu, hatupimi mahindi. Peleka Nairobi, na huko utalipa." Jioni akarudi nyumbani na karatasi yake mkononi, nauli imekwisha, na watoto wanangoja chakula. Akayamwaga magunia yote 4 shimoni. Ndugu yetu akanunua mengine kwa mkopo, na mkopo huo hata leo analipa.

Hatutaji ofisi yo yote, kwa maana hatukuja kumshitaki mtu. Kila mmoja wa hao watatu alisema kweli kama alivyofundishwa. Yule wa kilimo hakufundishwa habari za ini. Yule wa afya hakufundishwa habari za ghala. Na hapo ndipo penye shida. Wakubwa wanaowafundisha hao wote hutoka chuo kikuu, nao chuoni walifundishwa kila mmoja katika chumba chake, mlango umefungwa. Basi tukitaka milango ya Ndithini ifunguliwe, hapana budi kuanza na mlango wa chuo kikuu.

TULIYOJUA, TUKASAHAU

Sumu tunayosema ni sumu ya kuvu. Wataalamu huiita aflatoksini. Kuvu yenyewe huishi udongoni na hushika mahindi na karanga, hasa mmea ukiteswa na jua kali shambani kisha mavuno yakipata unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho. Mahindi yaweza kuwa meupe, mazuri, na bado yana sumu. Kupika hakuiondoi. Mtu akila nyingi kwa mara moja, ini huharibika, macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, na wengi hufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, aweza kupata saratani ya ini.

Je, maarifa haya ni mapya? La, si mapya hata kidogo. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Watu wa mifugo walidhani ni ugonjwa wa ajabu. Lakini walipokaa pamoja na watu wa kemia na watu wanaojua kuvu, wakaona kwamba ndege hao walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ndivyo sumu hii ilivyojulikana.

Mwaka 1973 wataalamu wawili, Peers na Linsell, walichapisha uchunguzi uliofanywa Murang'a, kwa jirani zetu hapa. Chakula cha watu kilikusanywa katika sehemu za juu, za katikati na za chini za wilaya, kikapimwa sumu. Kisha wakaangalia hesabu ya wagonjwa wa saratani ya ini katika sehemu hizo hizo. Palipokuwa na sumu zaidi, na wagonjwa walikuwa zaidi.

Mwaka 1981 ilikuwa zamu yetu Machakos. Watu 20 walishikwa na ugonjwa wa ini kwa ghafula, na 12 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yakapimwa, yakaonekana yana sumu hiyo hiyo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1982 katika jarida la madaktari linaloitwa Lancet, huko London.

Halafu ikaja 2004. Kulikuwa na ukame, kisha mvua ikaja kabla ya wakati wake, watu wakiwa katika kuvuna. Wengi waliweka mahindi ndani ya nyumba wanamolala, kwa kuogopa wezi, yangali mabichi. Kufika tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa waliohesabiwa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walikuwa 317. Waliokufa walikuwa 125. Mahindi ya madukani na sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya vipimo vilipita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya wakati ule, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni moja. Vipimo 7 katika kila 100 vilipita hata sehemu 1,000.

Ndugu, hebu hesabuni miaka. Toka 1981 mpaka 2004 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vifo vya kwanza alikuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto, ulipofika mwaka wa vifo vya pili. Wala si kwamba maarifa hayakuwako. Maarifa yalikuwa yamelala katika jarida London, na mahindi yalikuwa yamelala ghalani Machakos, na hayo mawili hayakukutana.

Walioijua kweli ya mwaka 2004 hawakuwa watu wa elimu moja. Daktari wa hospitali aliona macho ya manjano. Mtu wa kemia alipima sumu ndani ya punje na ndani ya damu. Waliokwenda nyumba kwa nyumba ndio walioona kwamba wagonjwa wengi walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Waliopima virusi ndio walioonyesha kwamba mtu mwenye homa ya ini ya aina B alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwingine. Na aliyekwenda sokoni ndiye aliyeonyesha kwamba hatari haikuwa katika ghala la mkulima tu, bali na katika gunia la muuzaji. Kila mmoja alishika kipande kimoja. Hakuna aliyekuwa na vyote.

RELI YATUFUNDISHA

Sisi watu wa reli tusione jambo hili kuwa geni. Gari la moshi haliondoki stesheni kwa nguvu za dereva peke yake. Wako gadi, stesheni masta, mtu wa signali, fundi wa injini, fundi wa mabehewa, na wale ndugu zetu wa gengi wanaokaza mataruma katika jua na mvua. Kila mmoja ana ufundi wake, na kila mmoja ajua ishara za mwenzake. Dereva hawezi kutengeneza signali, lakini asipojua kuisoma ataua watu.

Nanyi mwajua mambo huwaje behewa likianguka. Popote penye reli duniani ni hivyo. Watu wa njia husema gurudumu lilikuwa bovu. Watu wa mabehewa husema reli ilikuwa imepanuka. Kila upande una vipimo vyake na kila upande una karatasi zake. Lakini kweli iko pale gurudumu linapogusa reli, na pale hapatazamwi vema na mtu anayejua gurudumu tu, wala na mtu anayejua reli tu. Yatakiwa mtu aliyefundishwa kuangalia vyote viwili, ama watu wawili waliofundishwa kusemezana.

Ugonjwa ni hivyo hivyo. Sumu ya kuvu iko pale shamba linapogusa ghala, ghala linapogusa soko, soko linapogusa sufuria, na sufuria inapogusa ini la mtoto. Ugonjwa haukukata njia yake kwa kufuata idara za Serikali wala za chuo.

MWANAFUNZI HUYU NI NANI?

Baadhi ya wanachama hawajui shahada hii ni kitu gani, basi tueleze. Mtu akimaliza sekondari huenda chuo kikuu akapata shahada ya kwanza. Akiendelea hupata ya pili, iitwayo uzamili. Akiendelea tena hupata ya juu kupita zote, iitwayo uzamivu. Mwenye hiyo huitwa Daktari, ingawa pengine hajapata kumpiga mtu sindano maishani mwake. Kazi yake si kukariri yaliyoandikwa. Kazi yake ni kutafuta jambo ambalo hakuna alijuaye bado, alithibitishe, aliandike, kisha asimame mbele ya wakubwa wa elimu yake ajibu maswali. Kazi hiyo huchukua miaka 3, na mara nyingi zaidi. Yeye ndiye mwanagenzi wa elimu, kama kijana wetu wa karakana alivyo mwanagenzi wa ufundi.

Sasa angalieni tunavyomfundisha mwanagenzi wetu. Hatumpi tupa siku ya kwanza tukamwambia akae na tupa miaka yote. Humpeleka kwa mafundi wa injini miezi kadhaa, kisha kwa watu wa breki, kisha kwa watu wa umeme. Baadaye huchagua ufundi mmoja awe bingwa wake, lakini lugha ya wenzake huwa anaijua. Lakini mwanafunzi wa uzamivu, kwa desturi ya siku nyingi, hupewa mwalimu mmoja katika idara moja, na dirisha lake ni lile moja tu.

Ndiyo sababu katika nchi nyingi watu wameanza kubadili desturi hiyo. Katika vyuo kadha wa kadha vya Marekani na Uingereza, mwanafunzi wa uchunguzi wa magonjwa hupitishwa katika maabara mbili au tatu mwaka wa kwanza, ndipo achague. Wengine hupewa wasimamizi wawili, mmoja wa elimu ya mwili wa binadamu na mwingine wa hesabu, au wa kemia, au wa mambo ya jamii. Mwanagenzi wetu hufundishwa vivyo hivyo.

MIFANO YA KWETU

Asije mtu akadhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE hapa Nairobi, kituo cha kuchunguza wadudu. Mwaka 1983 kituo hicho kilianza mpango wa kufundisha vijana wa Afrika shahada ya uzamivu. Mwanafunzi huandikishwa katika chuo kikuu cha Afrika, na kazi yake huifanya kituoni, mahali ambapo mtu wa wadudu na mtu wa kemia hukaa chini ya paa moja. Anayechunguza mbung'o hujifunza pia harufu inayomvuta mbung'o kwa ng'ombe.

Mwaka 2008 ulianzishwa muungano unaoitwa CARTA. Unaongozwa na APHRC, kituo cha uchunguzi wa watu na afya kilichoko Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Ndani yake vimo vyuo vya Nairobi, Moi, Makerere na vinginevyo vya Afrika. Muungano huo huchukua watu walio tayari wafanya kazi wa vyuo hivyo, ili wakimaliza wawe na kazi ya kurudia. Huwakutanisha katika mikutano minne ya mafunzo, muuguzi akiketi na mtu wa hesabu, daktari akiketi na mtu wa uchumi. Kazi ya mmoja husomwa na wote, naye muuguzi hulazimika kuieleza kazi yake mpaka mtu wa uchumi aielewe.

Na Kilifi, katika kazi ya KEMRI na Wellcome iliyoanza 1989, wako wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji, ambao huonana na wachunguzi na kuwaambia watu wanasema nini.

Tena tumkumbuke mama mmoja wa nchi hii. Wangari Maathai alipata shahada hii katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Elimu yake ilikuwa viungo vya mwili wa wanyama. Alipotoka kwenda mashambani kukusanya kupe, kwa ajili ya kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe, aliona ng'ombe wamekonda na mito imejaa udongo. Mtu wa dirisha moja angerudi na kupe wake akanyamaza. Yeye aliona kwamba ugonjwa wa ng'ombe na ugonjwa wa ardhi ni jamaa. Mwaka 1977 akaanza kazi ya kupanda miti, na mwaka 2004, mwaka ule ule wa vifo vya mahindi, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Na katika habari ya sumu yenyewe, mtu mmoja aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Arizona, Claudia Probst, pamoja na mwalimu wake Peter Cotty na mwenzao, walichunguza mahindi ya Kenya ya mwaka 2004. Mwaka 2007 walichapisha habari kwamba kuvu iliyosababisha vifo ilikuwa ya aina ndogo inayotoa sumu nyingi mno. Baadaye wataalamu wa Kenya, wa taasisi ya kilimo yenye makao Ibadan na wa Marekani walitafuta kuvu za hapa hapa zisizo na sumu, wakazipaka juu ya punje za mtama. Mtama huo hutawanywa shambani majuma machache kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na kuvu njema huishinda ile mbaya mahali pa kuishi. Dawa hiyo iliandikishwa Kenya mwaka 2015 kwa jina la Aflasafe, na mahali pa kuitengenezea pako Katumani, katika Machakos yetu.

Twafurahi, na twawashukuru wote. Lakini twauliza pia: kwa nini punje zilizoua watu wa Machakos zilivuka bahari ndipo kuvu yake ijulikane vema? Twataka kazi ya namna hiyo, ikitokea tena, ifanywe na vijana wetu, katika maabara zetu, wakiwa na wenzao wa ng'ambo kama ndugu na si kama wabeba mizigo.

MANENO YA WANAOPINGA

Wako wasemao, "Mshika mbili moja humponyoka. Kijana akijifunza kemia na udaktari na kilimo, mwisho hajui kitu." Twajibu kwamba methali ni ya kweli, lakini hatusemi ashike mbili. Ashike moja barabara, na ajue kusoma signali za wenzake. Dereva mwema hakuacha kuwa dereva kwa kuwa ajua kazi ya gadi.

Wako wasemao, "Kwanza nunueni dawa za zahanati, hayo ya shahada yangoje." Hilo lina uzito, maana zahanati zisizo na dawa twazijua. Lakini ugonjwa huu wa mahindi hauna dawa ya kuufuta mtu akiisha kula. Dawa yake ni kujua mapema. Fedha ya kujua mapema ikikatwa, hununua majeneza.

Wako wasemao, "Wakishasoma watakwenda ng'ambo." Ni kweli wengine huenda. Lakini mtu aliyefundishwa udereva akanyimwa injini atafanya nini? Atakwenda penye injini. Kosa si la masomo. Kosa ni la kukosa kazi, vyombo na mshahara baada ya masomo, na hayo sisi wa chama twayajua kuliko watu wote.

MADAI YETU

Kwa hiyo kamati yawaomba wanachama wajadili mambo haya, na yakikubaliwa tuyapeleke kwa wabunge na kwa vyama vingine vya wafanya kazi.

1. Fedha iwe yetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 yasema mfuko wa uchunguzi upate asilimia 2 ya pato la nchi kila mwaka. Wabunge waulizwe hadharani: mwaka huu zimetoka ngapi? Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada, na kazi nyingi za afya na uchunguzi Afrika zikasimama. Anayetegemea sufuria ya jirani hulala njaa siku jirani akikasirika.

2. Mwanafunzi wa uzamivu alipwe posho ya kumweka mtu. Afundishaye mchana na kuchunguza usiku bila malipo ni mfanya kazi asiyehesabiwa. Shahada hizi zikiwa za mwenye mali tu, mtoto wa gengi hataingia, na asipoingia yeye, nani chuoni atajua ghala la Ndithini?

3. Kila mwanafunzi anayechunguza ugonjwa unaotokana na chakula, maji, kazi au nyumba, awe na wasimamizi wa elimu mbili, na akae kijijini au kazini muda wa kutosha kabla hajaandika swali lake.

4. Majibu yarudi. Watu wamekuja vijijini kwetu, wakauliza maswali, wakachukua damu na punje, wakaenda zao, na wenye damu wasisikie neno tena. Iwe sharti la shahada kwamba mwanafunzi arudi asimame barazani, aseme kwa Kiswahili au kwa Kikamba alichokiona. Asiyeweza kumweleza mama mwenye mahindi hajamaliza kujifunza.

5. Pawe na mahali pa kupimia mahindi karibu na watu, panapotumiwa na idara ya kilimo na idara ya afya kwa pamoja, na wanafunzi wafanye kazi huko. Hapo ndipo yule wa ini na yule wa ghala watakapojuana.

6. Wanaoosha vyombo vya maabara, wanaoendesha magari na wanaotembea nyumba kwa nyumba kuuliza maswali waandikwe kazi kwa haki. Bila wao hakuna uchunguzi wala Daktari.

Ndugu wa mjini wasiseme hili ni la wakulima. Novemba 2019 KEBS, shirika la kukagua ubora wa bidhaa, lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi zilizokuwa zikiuzwa madukani, kwa sababu ya sumu hii hii. Unga huo ndio ugali wetu katika nyumba za reli.

YA NYUMBANI, WAKATI TUNANGOJA

Madai huchukua muda, na mavuno hayangoji. Kwa hiyo kila mwanachama apeleke habari hizi nyumbani, kwa simu ama kwa mdomo:

Mahindi yasianikwe juu ya udongo. Anika juu ya turubai au mkeka. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, ufunge, utikise vizuri, kisha uache kitambo. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji. Anika tena. Usiweke gunia chini sakafuni wala kuligusisha na ukuta. Inua juu ya mbao. Punje zilizovunjika na zilizooza zitenge. Kukoboa muthokoi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Mahindi yenye ukungu usimpe ng'ombe, kwa maana sumu hupita katika maziwa ikarudi kwa mtoto. Wala usiyapike pombe. Na mtu akionekana macho manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mahindi yaliyoliwa yachukuliwe pamoja naye, hata kama daktari hakuyaomba.

Hilo la mwisho tumelifikiri sana. Siku ile mama wa Ndithini alipozunguka na karatasi yake ya mahindi katika ofisi tatu, alikuwa anafanya kazi ambayo wakubwa wa elimu wanajifunza sasa: kuyapeleka mahindi kwa daktari na ini kwa bwana shamba. Yeye hakuwa na shahada. Alikuwa na watoto. Twataka vijana wenye shahada wafundishwe kukutana naye njiani.

Swali la ndugu wa gengi litawekwa tena mezani katika mkutano ujao wa tawi, pamoja na madai haya 6. Kila mwanachama aje na neno lake, wa kuunga mkono na wa kupinga. Na yule ndugu wa Ndithini, kamati inamwomba aje na mkewe, ili tusikie kwa kinywa chake mwenyewe. Atakaribishwa kwa heshima, na nauli yake italipwa na tawi.

Umoja ni nguvu.